Chembe ni duara lakini inatoka kama yai: tomografia ya hologramu inanitesa, nisaidieni rezolusheni ya kina

mwanga_kasarani (Jumatatu, saa 4 usiku)

Wadau salamu. Hii itakuwa ndefu, mwenye haraka aruke asome mwisho tu. Karibu mwaka mzima sasa najenga maikroskopu ya hologramu hapa Kasarani, kwa chumba cha nyuma cha dadangu, na sitafuti picha bapa, nataka umbo lote la seli, juu chini na ubavuni, bila kuipaka rangi na bila kuiua.

Kwa wale hawaijui hii maneno, iko hivi. Unapitisha leza kwa seli, nuru ikipita ndani ya seli inachelewa kidogo kuliko ile imepita kwa maji peke yake, alafu unaikutanisha na mwale mwingine wa leza hiyo hiyo ambao haujagusa kitu. Kamera inaona milia, kama ya punda milia. Kwa hiyo milia unapiga hesabu unajua nuru imechelewa kiasi gani kila mahali, hiyo ni hologramu moja. Sasa ukibadilisha pembe ya leza na kurudia, unaunganisha zote kama vile CT scan inafanya na mwili wa mtu, ndio hiyo tomografia, na unachopata mwishoni ni ramani ya indeksi, yaani kila kipande cha seli kinachelewesha nuru kiasi gani.

Vifaa vyangu ni leza ya kijani 532 nanomita, lenzi ya mafuta 100x NA 1.25 (NA ni kipimo cha upana wa pembe ya nuru lenzi inaweza kushika) ile ya kawaida ya maikroskopu ya shule, upande wa kumulika 40x ya NA 0.65, kamera ya pikseli 3.45 maikroni. Pembe nabadilisha na ile chipu ya vioo vidogo nilitoa kwa projekta mitumba ya Luthuli, ule mtaa wa elektroniki mjini Nairobi.

Shida sasa. Nina chembe za polistirini za maikroni 5, duara kabisa, zimekaa kwa maji. Upana zinatoka 5.1, sawa. Kina zinatoka 8.2. Yai kabisa. Na hapo katikati indeksi iko chini kuliko inavyofaa. Hamira nayo (kipakiti cha duka, ile ya mahamri) kila seli inatoka ndefu utadhani nimeweka mchele. Nilianza na pembe 9, nikapanda 49, sasa niko 200 na yai ni lile lile. Ama ni kamera nibadilishe? Mfuko umebaki vumbi lakini kama ni lazima nitakopa.

mzee_wa_luthuli

Kijana si ni wewe ulinunua hiyo projekta ukaniambia ni ya kuangalia mpira na wasee wa ploti. Kumbe ulienda kuichinja. Kamera 4K iko, njoo tuongee.

mwalimu_wa_optiki

Mzee wangu wacha kijana awe na pesa yake kwanza. Kamera si shida. Pikseli ya 3.45 gawanya kwa 100 ni karibu nanomita 35 kwa seli, na lenzi yako haiwezi kupitisha kitu chembamba hivyo hata uiombe, kwa hivyo ukiongeza pikseli unapiga picha ya ukungu ule ule kwa faili kubwa.

Shida yako ina jina na ni ya zamani. Emil Wolf mwaka 1969 alionyesha kwamba kila hologramu moja ukiipeleka kwa upande wa Fourier (ile hesabu ya kuvunja picha kuwa mawimbi) haikupi habari yote ya kitu, inakupa kipande kimoja tu kilichojipinda, fikiria ganda la chungwa. Ukibadilisha pembe ya leza unapata ganda lingine limesogea kidogo. Ukiyapanga yote unapata umbo kama donati ambayo tundu lake halijatoboka, imebonyea juu na imebonyea chini. Hayo mabonyeo mawili ndiyo koni iliyokosekana. Hapo hakuna data, si eti iko kidogo, haipo.

Sasa angalia kile umefanya. Umefungiwa kwa kibanda cha M-Pesa, unachungulia watu kupitia kale kadirisha. Ukisogeza kichwa mara 9 unaona kiasi, ukisogeza mara 200 unaona yale yale, safi zaidi kidogo, lakini mgongo wa mteja hutauona kwa sababu dirisha halijaongezeka. Pembe 200 ndani ya NA ile ile zinakupunguzia makelele ya leza, zile chengachenga, lakini koni inabaki wazi vile ilikuwa.

Na wewe umejibana zaidi. Unapokea kwa 1.25 alafu unamulika kwa 0.65! Kwa maji, nikipiga hesabu yako, kina bora kabisa unaweza kupata ni karibu nusu maikroni. Ukiweka lenzi ya pili ya 1.25 upande wa kumulika inashuka hadi karibu maikroni 0.3. Ubavuni nako mstari mwembamba zaidi unatoka nanomita 280 hadi 213, ni kugawanya tu 532 kwa jumla ya hizo NA mbili, kanuni ya Abbe ya mwaka 1873 inakutosha hapo.

mgeni_juja

Mwalimu samahani niulize, mimi ni wa mwaka wa tatu fizikia. Hizi mashini za kununua zinatangaza nanomita 110 ubavuni, kwa 532 na NA 1.2. Nikitumia hiyo ya Abbe napata 222. Wanatudanganya ama?

mwalimu_wa_optiki

Hapana, ni kipimo tofauti tu. 222 ni mstari mweusi na mweupe pamoja, mzunguko mzima. 110 ni nusu yake, mstari mmoja. Wote wanasema ukweli ila ukilinganisha mashini na mashini uliza kwanza wanahesabu nini. Ile maikroni 0.3 niliandika hapo juu ya kina nayo iko kwa hesabu ya nusu, kwa hivyo hata mimi nimewachanganyia hapo, niwieni radhi.

Na ungojee kidogo kuna kitu kibaya zaidi. Hiyo namba ya kina ni ya vitu vidogo vidogo, nukta na kingo kali. Kitu kipana na bapa, mfano utando wa juu wa seli uliolala sambamba na kioo, uko ndani ya koni kabisa. Kwa huo namba yako ya kina haina maana yoyote, mashini ya milioni nyingi nayo hivyo hivyo. Ndio sababu duara linakuwa yai, kifuniko cha juu na cha chini ndivyo vinapotea.

dada_maabara

Niingilie kwa upande wa mikono, hesabu mmezimaliza.

Mwanga kwanza toa hizo chembe kwa maji. Polistirini ni kama 1.60, maji 1.33, mara maikroni 5, nuru inachelewa zaidi ya mawimbi mawili mazima. Milia inajizungusha, programu inashindwa kujua ni mzunguko wa ngapi, pembezoni inaharibika alafu unalaumu koni kwa makosa si yake. Weka chembe ndani ya mafuta yale yale ya lenzi, 1.518, hapo tofauti inabaki 0.08 na ucheleweshaji ni kama robo tatu ya wimbi. Pia lenzi yako imetengenezwa ikae kwa mafuta, itashukuru.

Pili, kwa zile njia mbili za kukadiria nuru inavyopita ndani ya kitu, unatumia Born ama Rytov? Watu wengi wanaanza na Born kwa sababu ni rahisi kuandika. Born inataka ucheleweshaji wote uwe kidogo. Hamira yako maikroni 5, tuseme 1.40 dhidi ya 1.333, hiyo ishapita nusu wimbi, Born imekufa hapo. Rytov haijali ucheleweshaji wote, inajali tu usibadilike ghafla. Kwa seli tumia Rytov usibishane.

Tatu, lenzi ya pili ya mafuta haiwezi kuona kupitia slaidi ya kawaida, kioo cha milimita moja kitaizuia. Kavaslipu (vile vioo vyembamba vya kufunika) mbili, sampuli katikati kama sandwichi, mafuta pande zote mbili. Nilivunja saba siku ya kwanza, usikate tamaa ukivunja tano.

Nne, na hii hakuna mtu ameuliza: milia yako imetulia?

mwanga_kasarani

Dada hapo kwa nne umenigusa kidonda haki. Naishi karibu na barabara, hizi nganya (matatu) za Mwiki zikipita na ile besi yao mimi sihitaji kusikia, naona kwa skrini. Milia inacheza. Si eti inatetemeka kidogo, inacheza na mdundo, nikitazama naeza kukuambia ni wimbo wa haraka ama wa polepole. Na projekta hainipi kupiga picha haraka kwa sababu vile vioo vinawaka na kuzima ndani ya fremu moja, lazima niache kamera wazi fremu nzima, milisekunde 16.7, ndani ya huo muda besi imeshapiga na milia imepakana.

Na ndio, ni Born. Nilikuwa nimeitoa kwa mfano wa mtandaoni.

kodi_bila_stima

Wazee mnahangaika bure. Siku hizi mtandao wa neva, hiyo AI, unajaza hiyo koni yenyewe, unaifundisha na seli elfu kadhaa, unaipa yai inakurudishia duara. Mimi naweza kuandika hiyo kodi wikendi moja stima ikikubali.

dada_maabara

Naeza kukubali nusu. Kuna watu wazuri wanafanya hiyo kazi na inasaidia. Lakini fikiria: ndani ya koni hakuna data, mwalimu amesema. Kwa hivyo chochote mtandao utaweka hapo umekitoa kwa kumbukumbu ya seli zingine. Ukiipa kitu haijawahi kuona itakuchorea kile imezoea. Mwaka 2008 kikundi cha MIT kilichapisha ramani za indeksi za chembe nyekundu za damu zilizoingiliwa na plasmodiamu. Sasa chukua mtandao uliofundishwa na damu ya watu wazima wa afya tu, upe damu ya mgonjwa wa malaria, itakurudishia nini? Kile kidudu si ndio kitu ulikuwa unatafuta.

kodi_bila_stima

Sawa hapo umenibana. Lakini chembe duara ya plastiki atapata.

mwalimu_wa_optiki

Chembe duara hata mimi nitakuchorea na kompasi.

Mwanga, kuna njia ya katikati ambayo haihitaji kufundisha kitu. Unatumia yale unayajua kwa hakika kuhusu sampuli. Hamira ndani ya maji: hakuna mahali ndani ya seli indeksi inaenda chini ya maji. Hiyo ni kweli ya fizikia, si kumbukumbu ya mtu. Sasa unafanya hivi, unapeleka data yako kwa nafasi halisi, popote imeshuka chini ya 1.333 unarudisha 1.333, unarudi upande wa Fourier, unaweka tena data yako halisi mahali pake bila kuigusa ila koni unaacha ibaki na kile kimetokea, unarudi tena. Mara mia moja hivi. Ni Gerchberg na Papoulis hao, miaka ya 1970. Koni inajaa polepole kutoka pembeni. Haijai yote, na ukiweka kanuni zingine za kulainisha kama ile ya kupunguza mabadiliko jumla inajaa zaidi, lakini angalia usizidishe, ukilainisha sana seli inakuwa vipande vipande kama katuni.

Kabla ya hapo lakini hakikisha pembe zako. Usiamini namba umetuma kwa projekta. Soma pembe kwa hologramu yenyewe, ukiifanyia Fourier kuna nukta kali, mahali iko ndio pembe ya kweli. Ukikosea pembe unaweka ganda la chungwa mahali si pake na hizo kanuni zote zitakujazia takataka kwa bidii.

mgeni_juja

Na mbona usizungushe seli yenyewe badala ya leza? Si mgonjwa wa CT analala na mashini inamzunguka nyuzi zote.

mwalimu_wa_optiki

Swali zuri. Ukizungusha seli mzunguko mzima koni inapotea, inabaki pengo jembamba kando ya mhimili wa kuzungusha, kama moyo wa tofaa. Wako watu Napoli wanaziacha seli zibingirike zenyewe zikisukumwa na maji kwa mfereji mwembamba na wanapiga hologramu zikipita. Kuna wengine wanashika seli na leza kama koleo. Tatizo ni kujua imezunguka nyuzi ngapi kila picha, na kama seli imejipinda njiani umekwisha. Ukiweza kuunganisha zote mbili, kuzungusha leza na kuzungusha seli, karibu kila kitu kinajaa.

mwanga_kasarani

Nilifikiria mrija mwembamba wa kioo na mota ya printa.

dada_maabara

Ule wa damu wa kliniki? Kipenyo ni kama milimita moja na zaidi, lenzi yako ya 100x inakaa karibu robo ya milimita au chini kutoka kwa kioo, itagonga. Utalazimika kuuchoma katikati na kuuvuta uwe mwembamba kama unywele, alafu seli uzikaze na jeli zisiogelee. Inawezekana. Lakini maliza kwanza lenzi na milia, ukifungua mambo matatu mara moja hutajua gani limekusaidia.

mwanga_kasarani (wiki tatu baadaye, Jumapili)

Wadau nimerudi. Nimepoteza usingizi lakini iko kitu ya kuonyesha.

Nilianza na mtikisiko. Nilichukua kabro (yale matofali ya kutandaza njiani) nne, nikazipanga kwa slabu ya saruji fundi alikuwa ameacha uani, chini nikaweka tyubu ya pikipiki, niliijaza upepo nusu tu. Nusu ni muhimu, nikiijaza yote ilikuwa inadunda na kila nganya, nikipunguza sana slabu inakaa sakafuni na hujafanya kitu. Alafu napiga picha saa 9 usiku hadi saa 11 alfajiri. Milia imesimama. Mara ya kwanza naiona imesimama nilidhani kamera imeganda, nikapuliza hewa kwa mdomo ndio ikacheza kidogo nikaamini.

Projekta ilinisumbua. Nilikuwa nimetoa lile gurudumu la rangi, na bila hilo haitaki kuwaka kwa sababu kuna kitambuzi kinahesabu mizunguko yake. Hapo awali nilikuwa nimelirudisha likizunguka kando tu na mota yake, na ndio, hiyo mota ilikuwa inatikisa slabu! Nimelitenganisha, sasa linazunguka kwa meza ingine na waya mrefu. Pia ile chipu inatawanya leza kwa miale mingi, nimetoboa karatasi nyeusi nikaacha mmoja tu upite.

Matokeo, chembe moja ile ile kila mara, nimeifuata:

Maji na Born, kina 8.2. Mafuta na Rytov, 7.4, na pembezoni imesafika sana, dada ulisema kweli. Lenzi ya pili ya 1.25 (kavaslipu zilizovunjika ni tisa), 6.3. Pembe nikazisoma kwa hologramu badala ya kuamini projekta, ikashuka 6.1, kidogo lakini mistari ya ajabu iliyokuwa inakata chembe imeisha. Gerchberg-Papoulis mara 100, 5.4. Kwa chembe ya 5. Upana bado 5.0 na 5.1.

mwalimu_wa_optiki

Hongera sana. Sasa usinionyeshe chembe tena, chembe imeshajua unachotaka. Nionyeshe hamira.

mwanga_kasarani

Nilijua utauliza. Hamira kwa maji, usiku wa jana. Nilipeleka ile ramani kipande kwa kipande kutoka chini kwenda juu. Kipande cha kwanza ukungu tu, cha pili mzunguko unaanza, alafu katikati ndani ya seli kuna duara limefifia, indeksi iko chini kuliko ile inaizunguka lakini bado juu ya maji. Nikapanda, likafunga. Nikashuka, likafunga upande wa chini pia. Vakuoli, kile kifuko cha ndani ya seli. Haikuwa kwa kanuni zangu mahali popote, mimi nilisema tu usiende chini ya maji, sikusema kuwe na shimo. Kabla ya hapo lilikuwa bomba linapita seli kutoka juu hadi chini.

Sehemu ya juu kabisa ya seli bado imechongoka kidogo, si duara. Na zile seli zinachipua, mtoto akiwa juu ya mama badala ya kando, wanaonekana mtu mmoja mrefu.

dada_maabara

Hao wawili ndio koni imebaki. Sasa unaeza kuvuta ule mrija.

mgeni_juja

Naeza kuja kuona? Niko tayari hata hiyo saa 9 usiku.

mwanga_kasarani

Karibu. Beba kavaslipu.

mzee_wa_luthuli

Kijana hilo gurudumu la rangi likizunguka bure kwa meza, lile la projekta, kuna mteja ananiulizia moja la aina hiyo hiyo tangu Ijumaa. Ukipata njia ya kudanganya hicho kitambuzi niambie, nitakupa projekta ingine mbovu ya kuchinja tubadilishane.